Monita ya laptopu: inchi 24, 27, ultrawaidi ama TV ya sebuleni, uchukue ipi?

Swali hili haliishi kwa watu wanaofanyia kazi nyumbani, awe Kampala, Jinja, Mbarara ama kule Arua: nina laptopu, shingo inauma, macho yanauma, nataka skrini kubwa ya kuchomeka, ninunue gani? Na jibu analopewa dukani huwa ni inchi tu. Ssebo (yaani bwana) chukua 27, ssebo ongeza kidogo uchukue 32, hii kubwa hii. Mimi naona inchi ndio kitu cha kuangalia mwisho. Cha kwanza ni tundu lililoko ubavuni mwa laptopu yako, cha pili ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha, cha tatu ni umeme ukikatika utabaki na nini mezani, halafu ndio tuje kwenye inchi na rangi na mapambo mengine. Nitazilinganisha hapa na nitasema wazi ninayoipendelea, wa kubisha abishe.

Geuza laptopu uangalie matundu

Laptopu nyingi zinazozunguka hapa Uganda ni za mtumba zilizotoka maofisi ya Ulaya, ThinkPad, EliteBook, Latitude, na kila moja ina matundu yake. EliteBook 840 G3 ina DisplayPort na VGA, HDMI haina kabisa, ThinkPad T450 nayo ina mini DisplayPort na VGA. T480 ina HDMI lakini ile ya 1.4, maana yake ukiichomekea monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) picha itakuja sawa ila kwa Hz 30 tu, yaani inabadilika mara 30 kwa sekunde, mausi inaburuzika, unaandika herufi zinachelewa kidogo, na mtu anarudisha monita dukani akilalamika ni mbovu wakati monita ya watu haina kosa. T480 hiyo hiyo ukipitia tundu lake la USB-C unapata 4K kwa Hz 60 bila shida yoyote.

Sasa ukiyaweka matundu pamoja: VGA ni ya kizamani, inapeleka picha kwa analogi, kwenye Full HD (pikseli 1920 kwa 1080) maandishi yanatoka na kivuli kidogo na ukiyasoma kutwa nzima macho yanachoka, kwa hiyo itumie tu kama huna njia nyingine. HDMI 1.4 inatosha kabisa kwa Full HD na hata kwa 2560 kwa 1440 kwa Hz 60, inashindwa ikifika 4K. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 zote zinafikisha 4K kwa Hz 60. Kama monita ina DisplayPort na HDMI zote na laptopu yako inaziweza zote, chukua DisplayPort, haisumbui sana upande wa rangi, maana HDMI wakati mwingine laptopu inadhani imechomekwa kwenye TV na inafifisha rangi nyeusi mpaka uingie kwenye setingi.

Kuna jambo la adapta ambalo wauzaji wengi hawakwambii. Adapta ya kutoka DisplayPort ya laptopu kwenda HDMI ya monita ni ya bei ndogo na inafanya kazi. Ya kurudi upande wa pili, yaani laptopu ina HDMI na monita ina DisplayPort tu, ile waya rahisi haifanyi kitu, unahitaji adapta yenye chipu ndani ambayo mara nyingi inataka na USB ya kuipa nguvu. Kwa hiyo kabla hujalipa taja safari ya waya wako inaanzia wapi na inaishia wapi, usiseme tu "nataka waya wa DisplayPort na HDMI".

USB-C ndio inadanganya watu zaidi. Matundu yanafanana kwa sura lakini kazi ni tofauti: kuna linalochaji na kupitisha data tu, kuna linalopitisha picha pia, na kuna Thunderbolt linalofanya vyote. Ukiona alama ya radi yenye mshale pembeni ya tundu, hiyo ni Thunderbolt, umepona. Ukiona alama ya D na P zimeshikana, picha inapita. Usipoona kitu, tafuta modeli kamili ya laptopu yako mtandaoni usome sifa zake, ama nenda nayo dukani muijaribu hapo hapo. Na waya pia, ile waya ya chaja ya simu inaingia vizuri kabisa kwenye tundu lakini nyingi hazipitishi picha, unakaa unaangalia skrini nyeusi unadhani umeuziwa takataka.

Kwa wenye laptopu yenye USB-C ya kweli, monita yenye USB-C inayorudisha wati 65 ama 90 ni raha nyingine. Waya mmoja tu: picha inaenda, chaji inarudi, kibodi na mausi zinachomekwa nyuma ya monita. Laptopu ndogo ya ofisi wati 65 zinaitosha, zile za kazi nzito zinataka 90 ama zaidi, na za gemu zenye chaja kubwa kama tofali usizitegemee huko, zitachaji polepole ama betri itashuka huku imechomekwa. Bei ya monita hizo ni juu kuliko zenye HDMI tu, lakini ukihesabu kwamba hununui doki (kile kiboksi cha kuongeza matundu), tofauti inapungua.

Wa MacBook Air wasikilize hapa: M1 na M2 zinakubali skrini moja tu ya nje, basi. M3 inakubali mbili ukiwa umefunga kifuniko, M4 ndio inakubali mbili huku laptopu yenyewe iko wazi. Usinunue monita mbili kwa ajili ya M1 halafu uanze kutafuta mchawi. Kuna doki za DisplayLink zinazokwepa kikomo hicho kwa programu ya kusakinisha, zinafanya kazi, ila zinakula prosesa kidogo na video za Netflix na wenzake mara nyingi zinakuja nyeusi.

24 na 27, hapa ndio kwenye vita

Monita ya inchi 24 yenye Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ina pikseli karibu 92 kwa kila inchi. Monita ya inchi 27 yenye Full HD hiyo hiyo ina karibu 82. Soma tena hapo. Ile kubwa ina pikseli zile zile milioni mbili na kidogo, zimetandazwa tu, kwa hiyo hupati nafasi ya ziada hata ya dirisha moja, unapata herufi nene zenye kingo za ngazi ngazi. Kama umetoka kwenye laptopu ya inchi 14 yenye Full HD, ambayo ina pikseli karibu 157 kwa inchi, utaona tofauti siku ya kwanza na utaudhika. 27 ya Full HD ni ya mtu anayekaa mbali na skrini, ama mzee ambaye macho yake yanataka maandishi makubwa na hataki kuhangaika na setingi, kwa hao wawili naikubali. Kwa mhasibu, programa, mfasiri, mwanafunzi anayeandika tasnifu, hapana, na mimi kati ya 24 na 27 zote za Full HD nachukua 24 bila kufikiria, na hela inayobaki nanunua kibodi.

27 inaanza kuwa na maana ukipanda kwenye 2560 kwa 1440. Hapo una pikseli karibu 109 kwa inchi, maandishi yamekaza, na nafasi imeongezeka kweli. Chukua Excel: mstari mmoja wa kawaida una urefu wa pikseli 20, kwa hiyo kutoka 1080 kwenda 1440 unaongeza mistari 18 bila kugusa zumu. Mtu anayefanya mishahara ama anayelinganisha stetimenti ya benki na ya Mobile Money anajua mistari 18 ina maana gani. Na upana unaruhusu dokumenti mbili kukaa ubavu kwa ubavu kila moja ikisomeka yote, kitu ambacho kwenye 24 ya Full HD unalazimisha.

Kuna mdogo mmoja watu wanampita: 24 ya 1920 kwa 1200. Ni ile yenye umbo refu kidogo kwenda juu, uwiano wa 16 kwa 10. Dell U2415 ni mojawapo, na HP pia walizitoa nyingi za maofisini, zinaonekana sana kwenye mtumba. Pikseli 120 zaidi kwenda chini ni mistari sita ya Excel, ama aya nzima ya Word. Kwa anayeandika na kusoma kwa wingi hii naiweka juu ya 24 ya kawaida, na dukani mara nyingi inauzwa bei ile ile kwa sababu muuzaji naye anapima kwa inchi tu. Mkiikuta msiniulize mara mbili.

4K kwenye 27 ni pikseli 163 kwa inchi, inapendeza mno, maandishi kama yamechapwa kwenye karatasi. Lakini kwa ukubwa wake halisi vitu vinakuwa vidogo kama sisimizi kwa hiyo unaweka skeli ya 150, na ukiweka 150 nafasi unayobaki nayo ni sawasawa na ile ya 2560 kwa 1440. Kwa hiyo hulipii nafasi, unalipia usafi wa herufi. Anayefanya picha na video ya 4K, ama anayesoma kutwa na bajeti inaruhusu, achukue. Wengine wote 1440 inawatosha, na laptopu ya zamani haitahema. Ukitaka nafasi na usafi pamoja ndio unapanda 32 ya 4K, pikseli 138 kwa inchi, lakini hiyo inataka meza yenye kina, ukikaa karibu nayo utakuwa unageuza kichwa kama uko uwanjani Namboole.

Kwa watu wa Mac kuna la ziada. Apple waliondoa ule ulainishaji wa herufi wa zamani kwenye macOS Mojave mwaka 2018, kwa hiyo monita ya Full HD ambayo kwenye Windows inaonekana sawa tu, kwenye Mac inaonekana na ukungu. Hapo 24 ya Full HD inashuka nafasi, bora 27 ya 1440 ama 4K kabisa.

Mbili za 24 ama moja ndefu ya 34?

Hili swali linaulizwa na watu walioona picha za meza nzuri huko mtandaoni. Ultrawaidi, yaani monita pana kupita kawaida, ya 34 ya kweli ni 3440 kwa 1440, pikseli karibu milioni 5. Mbili za 24 za Full HD ni milioni 4 na kidogo. Kwa hesabu hiyo ultrawaidi inashinda, na haina ule ufa katikati, na kwa anayehariri video ama muziki ile taimulaini ndefu ni starehe ya kweli.

Ila mimi kwa kazi za kawaida nachukua mbili. Kwanza zikiwa mbili moja ikifa kazi inaendelea, ultrawaidi ikifa umekufa nayo. Pili mikutano ya Zoom: ukishea skrini nzima ya ultrawaidi, mwenzako aliyeko kwenye simu ndani ya taksi anaona utepe mwembamba wenye herufi asizoweza kusoma, ukiwa na mbili unashea moja nzima na nyingine unabaki na noti zako na hakuna anayeona. Tatu unaweza kununua moja leo na ya pili mwezi ujao mshahara ukiingia. Nne moja unaweza kuisimamisha wima kama stendi inaruhusu, kusoma kodi za programu ama mkataba mrefu ni utamu mtupu.

Kinachozuia mbili ni meza. Monita moja ya 24 ina upana wa sentimita 53 hivi, mbili zinataka mita moja na zaidi kidogo, na ukiongeza laptopu pembeni ndio kabisa. Ultrawaidi ya 34 ni sentimita 80. Kwenye muzigo, kile chumba kimoja cha kupanga, pale Kireka ama Bwaise pima kwanza kwa futi ndio uende dukani.

Na kuna ultrawaidi za uongo. Ukiona 34 bei imeshuka ajabu, soma kama ni 2560 kwa 1080. Hiyo ina pikseli 82 kwa inchi, ugonjwa ule ule wa 27 ya Full HD. Ile ndogo ya 29 yenye 2560 kwa 1080 ni afadhali, karibu 96 kwa inchi, lakini urefu wake wa kwenda juu ni mdogo kuliko hata wa 24. Mimi sioni ni ya nani.

TV je?

Najua mnaitaka hii sehemu, kwa sababu TV ya 32 ziko kila kona na bei yake inashindana na monita ya 24. TV nyingi za 32 za bei ya chini ni 1366 kwa 768. Hiyo ni pikseli 49 kwa inchi, nusu ya monita, nafasi ya kazi ni ndogo kuliko ya laptopu yako yenyewe. Kwa mpira sawa, kwa kuandika hapana, hapana na hapana.

TV ya 43 ya 4K ni hadithi tofauti kidogo, pikseli 102 kwa inchi, kwa karatasi ni kama umeunganisha monita nne za inchi 21 na nusu. Kuna watu wanaitumia hivyo na wanafurahi. Masharti ni haya: laptopu itoe 4K kwa Hz 60, TV iwe na modi ya PC uiwashe, kwa sababu bila hiyo TV nyingi zinabana taarifa za rangi na maandishi mekundu juu ya bluu yanatoka yamevimba, halafu uzime ule ukuzaji wa picha unaokata kingo za skrini mpaka kitufe cha Start kinapotea. Pia TV haiamki laptopu ikiamka, utatafuta rimoti kila asubuhi, na watoto wataijua rimoti iko wapi kabla yako. Kama tayari unayo nyumbani ijaribu kabla hujanunua chochote, haina gharama. Kwenda dukani kuinunua kwa ajili ya kazi, mimi sikushauri.

Ndogo ya kubebeka

Hizi za inchi 15.6 nyembamba zinazobebwa kwenye begi moja na laptopu. Mezani haziwezi kushindana na 24, ni ndogo, stendi zake zinalegea, shingo inabaki imeinama vile vile. Lakini zina kitu kimoja ambacho kwa hapa kwetu kina uzito: nyingi zinakula wati 5 mpaka 10 tu na zinakula kutoka kwenye laptopu yenyewe kupitia USB-C, kwa hiyo umeme ukikatika hazizimi. Kwa anayeshinda kwenye basi kati ya Kampala na Gulu, ama anayezunguka vijijini kwa kazi za mashirika, hii ndio yake. Laptopu isiyo na USB-C ya picha itataka waya mbili, mini HDMI ya picha na USB ya nguvu, unaweza kuichomeka kwenye pawabenki.

Umeme

Bwawa la umeme la Karuma limezinduliwa Septemba 2024 na megawati zake 600, usambazaji umetoka kwa kampuni ya Umeme ukaenda UEDCL, kampuni ya serikali, Aprili 2025, na bado mvua ikinyesha jioni wewe unajua kinachofuata mtaani kwako. Laptopu ina betri. Monita haina. Huu ndio utofauti ambao hakuna karatasi ya matangazo inayouandika, na ndio maana mtu anayepanga monita hapa anapanga kitu tofauti na mtu wa Uingereza.

Gharama ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, isikutishe. Monita ya 24 inakula wati 20 hivi, masaa manane ni uniti 0.16, mwezi wa siku 26 za kazi haufiki uniti 5. Ultrawaidi ya wati 50 itafika kama uniti 10. Tofauti ipo lakini sio ya kukufukarisha.

Kwenye betri ndio inauma. Chukua betri ya sola ya kawaida ya volti 12 na Ah 100, ina Wh 1200, na kama ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Laptopu ya wati 40 na monita ya 24 ni wati 60, ukitoa na zinazoliwa na inveta unapata masaa manane hivi, siku nzima ya kazi. Laptopu hiyo hiyo na TV ya 43 inayokula wati 80 ni wati 120, masaa manne tu halafu giza. Mbili za 24 ziko katikati, na uzuri wake unazima moja ukibaki na nyingine.

Asiye na sola, UPS ndogo (kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) inatosha kwa monita ya 24 na ruta. Betri ya ndani ya UPS ndogo mara nyingi ni ya volti 12 na Ah 7, Wh 84 tu, kwa hiyo usichomeke chaja ya laptopu humo, laptopu iachie betri yake. Monita na ruta peke yake zitakuvusha mpaka umalize mkutano na usevu kazi. Na radi ikianza kuunguruma chomoa monita ukutani, chomoa na waya wa HDMI pia, kwa sababu moto ukiingia kwenye monita unaweza kupita kwenye waya mpaka kwenye laptopu.

IPS, VA na Hz, haraka haraka

Hizi herufi ni aina za paneli ya skrini. IPS ina rangi zisizobadilika ukiangalia pembeni, kontrasti yake ni kama 1000 kwa 1. VA ina weusi mzito, 3000 kwa 1, nzuri kwa filamu usiku, lakini ukiskroli maandishi meupe kwenye mandhari nyeusi yanaacha mkia. TN iache, hata kama ni rahisi. Kwa kazi IPS. Anayefanya usanifu wa mabango na kuchapisha pale Nasser Road atafute inayofikia sRGB yote, kile kipimo cha kawaida cha rangi, kwenye karatasi ya sifa ikiandikwa NTSC asilimia 72 ni karibu sawa na hiyo, ikiandikwa 45 ikimbie. Hz 60 zinatosha, 75 ama 100 zikija bila kuongeza bei karibu, 144 ni ya gemu. Na uchukue skrini isiyong'aa, la sivyo kwa nyumba zetu zenye dirisha kubwa na jua la saa tisa utakuwa unajiangalia uso badala ya kazi.

Mpya ama mtumba

Kwa hela ile ile, 24 ya mtumba ya ofisi, Dell ya P ama U, ama HP EliteDisplay, naiweka mbele ya 24 mpya ya jina lisilojulikana. Sababu kubwa ni stendi. Za ofisi zinapanda, zinashuka, zinazunguka wima, mpya za bei ndogo zimesimama tu chini na unaanza kuziwekea vitabu chini yake. Ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho na skrini ikae umbali wa mkono ulionyooka, hapo ndio shingo inapona. Kama stendi haipandi lakini nyuma kuna mashimo manne ya sentimita 10 kwa 10, huo ni VESA, mafundi wa vyuma wa Katwe wanakutengenezea mkono wa kuifunga mezani ukiwapa vipimo, skrubu ni M4.

Mpya inashinda kwa waranti na kwa taa ya nyuma ambayo haijachoka. Mtumba inabidi uikague mwenyewe, na sio kwa ile video ya maua wanayokuwekea. Beba laptopu yako na waya wako. Weka picha nyeupe tupu, angalia kama kona zimekuwa za njano na kama kuna doa la kubonyezwa. Weka nyeusi, omba wazime taa ya duka kidogo, angalia mwanga unaovuja pembeni. Weka nyekundu, kijani na bluu, tafuta nukta zisizobadilika. Punguza mwanga mpaka asilimia 20 ukae hapo dakika kadhaa, ukiona inatetemeka ama macho yanaanza kuwasha iache. Soma kibandiko cha nyuma, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pale, mimi zaidi ya miaka minane sichukui hata ikiwa inang'aa. Jaribu kila tundu, muuzaji atakuonyesha VGA inafanya kazi na wewe unakwenda kutumia DisplayPort. Hakikisha stendi ni yake, sio ya modeli nyingine imelazimishwa.

Halafu usiibebe kwenye boda imelala mapajani bila boksi. Isimamishe wima katikati yako na dereva, skrini ielekee mgongoni kwake na kadibodi ngumu katikati, ama lipa taksi tu siku hiyo.